Anti, muvi imeisha ila mimi bado nimo ndani ya lile gari

BARUA

Shikamoo anti. Pole na majukumu, huwa nakusoma kimya kimya miaka mingi ila leo nimeona na mi niandike maana hili nimeshindwa kulibeba peke yangu na kila nikimwambia mtu anacheka.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 6, tunaishi Igoma hapa Mwanza, kazi yangu fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, nina miaka 34. Muvi za kutisha nimezipenda toka mdogo, yani sisi tumekulia vibanda umiza, unatoa hela yako mnabanana kwenye mabenchi joto kama tanuri, jamaa anatafsiri kwa sauti mpaka anakauka koo, na mi nilikua yule mtoto wa benchi la mbele wakati wenzangu wanaficha macho. Nimeangalia mazombi, mapepo, za Kikorea, za Kijapani na yule dada wa nywele usoni, hata za kwetu kina Nsyuka na Shumileta. Zikiisha nakula nalala. Haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Sasa wiki 5 zilizopita Jumamosi usiku shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaja na laptopu na flashi imejaa muvi, akasema shem leo nakuletea ya zamani kidogo ila hii huijui, The Mist, ya 2007. Tukachomeka kwenye TV, mke wangu akakaa nusu saa akasema macho mazito akaenda kulala, mtoto alishapitiwa na usingizi kwenye kochi kichwa kakilaza kwenye paja langu. Kama hujaiona anti ni hivi, unatokea ukungu mzito mji mzima na ndani ya ukungu kuna madude yanakula watu, watu wanajifungia supamaketi, steringi ni baba yupo na kijana wake mdogo kama wangu. Mwanzoni kabisa kuna mama mmoja analia anasema nimewaacha watoto wangu nyumbani nani anisindikize, kila mtu anaangalia chini, hata steringi anasema na mimi nina mtoto wangu hapa, basi yule mama anafungua mlango anatoka peke yake anapotelea kwenye ukungu. Nikamwambia shemeji huyo kashakufa.

Sasa mwisho. Baba anafanikiwa kutoka na gari, yeye na mtoto na watu wazima watatu, wanaenda wanaenda mpaka mafuta yanakata. Nje ukungu na madude yanalia. Bastola ina risasi 4 na wao wako 5. Na yule mtoto alishamwambia baba yake kabla, niahidi hutaacha madude yanichukue. Wanaangaliana wale wakubwa hawaongei. Mtoto alikua amelala, anafumbua macho anamuona baba yake kashika bastola, hapo kamera inatoka nje ya gari unasikia milio tu, minne. Baba anabaki peke yake, anatoka nje anapiga makelele anayaita yale madude yaje yammalize na yeye, halafu kinachotokea kwenye ukungu ni kifaru cha jeshi. Wanajeshi, malori ya watu waliookolewa, ukungu unafunguka. Na juu ya lori moja yuko yule mama wa mwanzo na watoto wake wawili, anamuangalia jamaa.

Dakika anti. Angesubiri dakika chache tu.

Shemeji akapiga makofi akasema hiyo ndo muvi. Mi nilikua sizisikii hata mguu zangu. Mtoto kanilalia nywele zimelowa jasho, nikaweka mkono kifuani kwake nihakikishe anapumua, nikakaa hivyo hivyo mpaka shemeji akaondoka mwenyewe bila kusindikizwa.

Toka siku hiyo silali. Usiku naamka mara 3 mara 4 naenda kumulika chandarua cha mtoto na simu nione kama anapumua. Nikipata usingizi naota niko ndani ya gari, mvua inapiga juu ya bati la gari, mtoto kanilalia, simu inaita, najua nikitoka nje kuna kitu na nikibaki ndani kuna kitu, naamka nimelowa. Kazini juzi nimechomelea bawaba upande sio wake kwenye geti la mteja. Wenzangu wananicheka mwanaume mzima unaogopa muvi. Na kitu cha ajabu kinachonichoma sana sio hata zile risasi, ni yule mama kwenye lori, yale macho yake, namchukia mpaka najishangaa maana hajamfanyia mtu ubaya wowote.

Labda niongeze hili ingawa sijui kama linahusiana. Mwaka juzi mtoto aliugua, jioni moja alipandisha joto, saa 4 usiku akashtuka mwili mzima macho yakageuka. Nikampigia mama yangu mzazi kijijini akasema hiyo degedege msimpeleke hospitali wakamchoma sindano mtampoteza, mfukizieni kwanza mkae nae ndani. Na mvua ilikua inanyesha vibaya sana. Mke wangu akasema twende sasa hivi, mi nikasema tusubiri kupambazuke. Tukabishana. Kwenye saa 7 akamfunga mtoto mgongoni na kanga akafungua mlango akatoka kwenye mvua peke yake kutafuta bodaboda, mi nikamfata nyuma nimenuna. Ilikua malaria kali, akalazwa siku 4, akapona kabisa sasa hivi anasumbua tu mtaani. Daktari aliniambia mngekuja asubuhi tungekua tunaongea mengine. Mambo hayo yalishapita na mimi na mke wangu hatujawahi kuyaongelea tena.

Anti ninaomba unisaidie. Nina tatizo la akili? Niache muvi za kutisha moja kwa moja? Kuna mtu kanishauri niirudie ile muvi mara 3 mfululizo mpaka nizoee. Na shemeji Jumamosi hii anakuja na nyingine. Asante sana.

Baba wa mtoto mmoja, Mwanza


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, wiki 5 bila usingizi ni nyingi mno, ungeniandikia wiki ya kwanza ningefurahi zaidi ila ulivyoandika leo pia sawa. Wasomaji wengine, huyu baba keshawaeleza mwisho wote wa ile muvi na mimi nitaendelea kuueleza, kwahiyo anaetaka kuiona bila kujua aishie hapa kwanza.

Nianze na hilo la kuchekwa maana naona limekuuma. Mtu mzima kubaki na muvi kichwani ni jambo la kawaida kabisa. Kuna watafiti wa Marekani, Kristen Harrison na Joanne Cantor, mwaka 1999 walitoa utafiti waliowauliza wanafunzi wa chuo kama kuna kitu walichowahi kukiona kwenye muvi au TV wakiwa wadogo kikawatisha na kuwakaa, karibu 9 katika kila 10 wakasema kipo, na kama robo yao walikua bado wana ile hofu mpaka siku wanaulizwa. Hao wenzako wanaokucheka kijiweni wabane vizuri kila mmoja atakutajia ya kwake.

Ya kwangu ni hii. Nilikua na miaka kama 11, kwa baba mdogo kuna video, wakaweka Carrie, ile ya 1976. Muvi imeshaisha, msichana mmoja anaenda kuweka maua pale alipozikwa mwenzake, muziki wa taratibu, watu tumeshaanza kunyoosha miguu, mkono unachomoka ardhini unamdaka. Kumbe ilikua ndoto yake tu. Lakini mimi miezi mizima sikuweza kupita kwenye makaburi ya nyuma ya shamba letu, nazunguka njia ya mbali na ndoo ya maji kichwani, mama ananichapa kwa kuchelewa na sisemi sababu. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa. Bibi yangu aliyenilea tulikua tumemzika pale pale mwezi mmoja kabla, na mimi siku ya mazishi nilijificha nisimuage. Ule mkono kwangu haukua wa Carrie.

Sasa turudi kwako, na naomba usome taratibu hapa.

Umeniandikia ndoto yako vizuri mpaka nimeiona. Uko ndani ya gari, mtoto kakulalia, mvua inapiga bati, simu inaita. Mdogo wangu, kwenye mwisho wa ile muvi hakuna mvua. Kuna ukungu tu, kimya, na yale madude yanalia kwa mbali. Na ndani ya lile gari hakuna simu inayoita. Mvua na simu umeziingiza wewe, zimetoka kwenye usiku wenu wa mwaka juzi, mvua ndo ile uliyosema inanyesha vibaya na simu ndo ile uliyompigia mama. Na ule mtego wa nikitoka kuna kitu nikibaki kuna kitu, huo hujauona kwenye TV, huo umeuishi kuanzia saa 4 mpaka saa 7 usiku ndani ya nyumba yako, mtoto akiwa amechemka mikononi kwako.

Na yule mama wa kwenye lori unaemchukia bila sababu, sababu ipo. Yule ni mwanamke aliyesema mtoto ndo wa kwanza, akaomba mtu amsindikize hakupata, akafungua mlango akatoka peke yake kwenye kitu cha kutisha, na mwisho wa yote yeye ndo alikua sahihi. Rudi kwenye barua yako soma ulichoandika kuhusu mke wako. Akamfunga mtoto mgongoni na kanga akafungua mlango akatoka kwenye mvua peke yake. Maneno karibu ni yale yale, na sidhani kama hata uliona wakati unaandika. Yale macho yanayokuangalia kutoka juu ya lori wewe umeyaona kama macho ya mama mtoto, yanayokuuliza kitu ambacho yeye kwa mdomo wake hajawahi kukuuliza.

Kwahiyo hapana, sioni kama umerukwa na akili wala woga haujakuanza uzeeni. Umeangalia mamia ya muvi zikapita, hii moja imekuta mlango uko wazi ikaingia. Mazombi huna hesabu nayo ndo maana unakula na kulala. Baba aliyefanya uamuzi juu ya mtoto wake halafu akagundua amekosea, huyo mna hesabu.

Kuna kitu pia kuhusu miisho ya namna hii nataka uelewe maana kinasaidia. Sisi wa vibanda umiza tumekuzwa na sheria moja tu, steringi hafi. Unaweza kuvumilia saa nzima ya kutishwa kwa sababu unajua mwisho adui atapigwa na utatoka nje unarusha mateke. Kuna mtaalamu, Dolf Zillmann, aliyeeleza hili jambo, kwamba hofu inawasha mwili, moyo mbio, misuli imekaza, na ule moto hauzimiki mara moja, sasa mwisho ukiwa mzuri moto ule ule unageuka kuwa furaha ndo maana watu tunashangilia kwa nguvu vile. Mwisho ukiwa kama wa The Mist furaha ya kuugeuza haipo. Moto unabaki nao. Unaenda nao kitandani. Na waliotengeneza wanajua wanachofanya, toka 1968 George Romero kwenye Night of the Living Dead alimfanya steringi anusurike usiku mzima na mazombi halafu asubuhi wale waliokuja kuokoa ndo wanampiga risasi wakidhani na yeye zombi. Watu walitoka kwenye majumba ya sinema hawaongei. Na huyu wa kwako ni mbaya zaidi kwa maana steringi hafi, sheria imefuatwa, anabaki mzima kabisa, na kubaki kwake mzima ndo adhabu yenyewe.

Lakini sasa nikwambie kitu ambacho shemeji hakukwambia. Ule mwisho haumo kwenye kitabu. Hadithi ya The Mist aliiandika Stephen King, ilitoka 1980, na mule baba hampigi risasi mtu, wanaendelea na safari ndani ya ukungu, redio inakoroma anahisi kama kasikia neno moja, jina la mji, na anabaki na tumaini. Mwongozaji wa muvi, Frank Darabont, ndo aliyeuandika huu mwingine, na mwenyewe King aliusifia. Na Darabont huyo huyo ndo aliyetengeneza The Shawshank Redemption mwaka 1994, tena kutoka kwenye hadithi ya King huyo huyo, ile ambayo nusu ya wanaume wa nchi hii wanalia mwisho kwa furaha marafiki wawili wanapokutana ufukweni. Yani mtu mmoja, mkono mmoja. Na Jordan Peele kwenye Get Out ya 2017 alipiga mwisho ambao steringi anakamatwa na polisi na kufungwa, baadae akaubadilisha, linalofika likawa gari la rafiki yake. Mwisho wa muvi ni mtu amekaa mezani akachagua, angeweza kuchagua mwingine. Wewe umeuchukua ule kama vile ni hukumu imesomwa juu yako, na haikua juu yako.

Kwa sababu wa kwako ulikua tofauti kabisa, na ndo nataka tuufanyie kazi. Ndoto mbaya za kujirudia zina njia ya kuzitibu ambayo imefanyiwa utafiti, daktari Barry Krakow na wenzake walitoa majibu yao 2001, waliijaribu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono waliokua wanateswa na ndoto, na ndoto zikapungua. Ni rahisi kuieleza. Mchana, sio usiku, unachukua daftari unaiandika ndoto yako ilivyo, halafu unabadilisha mwisho unavyotaka wewe, halafu kila siku dakika 10 au 20 unakaa mahali patulivu unaipitisha ile mpya kichwani kama unaangalia muvi. Ile ya zamani usiipitishe. Na wewe huna haja hata ya kutunga. Andika uko kwenye gari, mvua inapiga bati, simu inaita. Halafu mlango unafunguliwa kutoka nje, ni mama yake, amelowa, ana kanga mkononi, anasema nipe. Unampa. Unashuka na wewe. Mnapanda bodaboda watatu na dereva wa nne mvua inawapiga usoni, taa ya hospitali ile pale. Hivyo ndivyo ilivyokua mdogo wangu. Ulinuna, sawa, lakini ulitoka. Nyuma yake ulikuwepo.

Kuhusu kurudia muvi mara 3 mfululizo, usifanye. Kuna matibabu ya kumzoesha mtu anachokiogopa na yanasaidia ila yanafanywa hatua kwa hatua na mtu aliyesomea, kujifungia usiku na ile ile ukiwa hujalala wiki 5 unajiongezea moto. Na kwa baadae, siku ukiangalia kitu kikakushika vibaya, usiende moja kwa moja kitandani. Watafiti wa Oxford mwaka 2009 waliwaonyesha watu video ya matukio mabaya, baada ya nusu saa baadhi wakacheza Tetris dakika 10, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoshuka, na ndani ya wiki iliyofuata wale waliocheza walirudiwa na zile picha mara chache kuliko ambao hawakucheza. Mchezo unashika macho ya akilini, picha inakosa nafasi ya kujichora vizuri. Hii inafanya kazi mapema, kwa The Mist umeshachelewa, ila iweke kichwani.

Kumulika chandarua nako tukupunguze. Sisemi uache leo. Sasa hivi mara 3 au 4, wiki hii iwe 2, wiki ijayo 1, iwe kabla hujapanda kitandani, angalia neti imechomekwa vizuri chini ya godoro pande zote, gusa paji la uso wake, basi. Hiyo inamlinda kweli kweli. Kumulika saa 9 usiku kunamuamsha yeye na kukukaanga wewe.

Sasa degedege, naomba nisimame hapa kidogo maana wanaonisoma ni wengi na wana watoto. Wazee wetu maeneo mengi walifundishwa kwamba degedege ni mdudu au ndege wa usiku, shetani, na kwamba sindano inamuua mtoto. Mimi simlaumu mama yako hata kidogo, ameyapokea kwa mama yake. Fikiria ilivyokua, mtoto anakaa nyumbani siku mbili anafukiziwa, anapelekwa hospitali kashaisha, anachomwa sindano, anakufa, watu wanarudi kijijini wanasema sindano imemuua. Mara mbili tatu hivyo inakua sheria. Lakini mtoto mwenye homa aliyeshtuka mwili mzima macho yakageuka ni dharura, inaweza kuwa malaria kali au ugonjwa mwingine mzito, anatakiwa apimwe saa hiyo hiyo, usiku, mvua, iweje. Na nina uhakika mtoto wako alichomwa sindano, maana malaria kali ndivyo inavyotibiwa. Ile ile aliyoambiwa itampoteza ndo imemrudisha mtaani anasumbua. Mpigie mama umweleze hili kwa upole, usimsute, mwambie tu mama mjukuu wako alichomwa akapona, na wewe waambie wenzako huko. Neno la bibi kijijini linasikilizwa kuliko la redio.

Nimechelewesha la mwisho kwa makusudi maana ndo zito. Inabidi uongee na mke wako. Usimweleze muvi, ameshasikia. Mweleze ule usiku. Miaka miwili mmelala kitanda kimoja na hilo katikati na kila mmoja anadhani mwenzake kasahau. Sijui yeye amebaki na nini, inawezekana ana hasira, inawezekana na yeye anaamka usiku unadhani anaenda chooni kumbe kapitia kwenye neti ile ile. Wanawake wengi walioniandikia baada ya kuokoa jambo huwa hawadai kupewa shukrani, wanadai kusikia mtu akisema nilikuona. Kwahiyo ukikaa nae usianze na kujieleza, mvua, mama alisema, nilidhani. Hayo anayajua alikuwepo. Anza na alichofanya yeye. Mwambie usiku ule nilisema tusubiri na nilikosea, wewe ulitoka peke yako na mtoto yuko hai kwa sababu hiyo, na sijawahi kukuambia. Halafu nyamaza. Akilia muache alie, akikasirika mpokee, akisema yalishapita usikimbilie kukubali upesi upesi, kaa hapo kidogo.

Na kama umefanya yote haya, ukapita mwezi bado hulali, bado unakosea kazini, nenda hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na ndoto yenyewe na usiku wenyewe. Kazi yako ni ya moto na umeme, mtu asiyelala hatakiwi kushika ile mashine. Hilo la bawaba kwenye geti limenitisha kuliko muvi yako.

Muvi za kutisha sikukatazi. Unazipenda toka benchi la mbele, na kwa ninavyokusoma utazirudia na utazifurahia tena. Ila kwa miezi hii miwili mitatu zipumzishe, na ukirudi anza na zile za zamani unazozijua mwisho wake, mchana, mtoto akiwa ameenda kucheza. Zenye baba na mtoto ziache ziwe za mwisho kabisa, na kabla ya kuangalia muulize aliyeiona inaishaje, huko kuuliza siku hizi hakumuaibishi mtu. Shemeji Jumamosi mwambie aje, apike pilau na dada yake au muangalie mpira, flashi aache kwao. Na ukiweza mtume akamtembeze mpwa wake kwa masaa mawili hivi jioni hiyo, ili wewe na mama mtoto mbaki wawili.

Ukishaongea nae niandikie mdogo wangu, hata mistari miwili. Nasubiri.